Upinde wa Meno

Siku Chiriku alipomwambia kaka yake kwamba anataka kuvuta upinde kwa meno, Fundi aliiweka randa mezani, akajifuta vumbi la mbao usoni, akauliza swali moja tu.

"Meno ya nani?"

"Yangu. Ya kuazima sina."

Fundi hakucheka. Dada yake alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana, juu ya kigoda kirefu ambacho Fundi mwenyewe alimchongea, chenye kiegemeo cha kuibeba nyonga yake mbovu. Mkono wa kulia wa gauni lake ulikunjwa na kubanwa kwa pini juu ya mahali ambapo kiwiko kingekuwepo. Alikuwa karani wa ghala la mbao kwa miaka tisa, hadi asubuhi moja rundo zima lilipomporomokea. Hospitali walimkata mkono, nyonga wakaiunga, lakini haikukubali tena kumsimamisha zaidi ya dakika chache. Ulimi haukuguswa. Ndiyo maana jina alilopewa utotoni kwa kupenda kusema lilimkaa mpaka ukubwani.

"Nimeona kwenye kilabu cha wapiga mishale," akaendelea, kama mtu aliyekwisha kubaliwa. "Unafunga kipande cha ngozi katikati ya upote, ile kamba ya upinde, unakiuma. Halafu unausukuma upinde mbele kwa mkono wa kushoto. Ukitaka mshale uende, unafungua mdomo."

"Kwa hiyo mpaka mshale uende utakuwa umenyamaza?" Mama yao aliuliza kutoka jikoni, ng'ambo ya kiwanja kidogo.

"Ndiyo, mama."

"Basi hutaweza."

Hapo hata Fundi alitabasamu, lakini hakuirudia randa. Kwa miaka mitano hakuwa amechonga upinde. Alichonga viti, fremu za madirisha, miiko, mpini wa shoka akiombwa sana. Pinde aliziacha siku ile upinde wake mwenyewe ulipompasukia mkononi akiujaribu. Kabla haujapasuka ulitoa sauti ndogo, tik, kama punje kavu kwenye kikaango cha moto. Aliisikia. Akajiambia ni upote unajiweka sawa kwenye ncha, akavuta tena. Kibanzi kirefu kama sindano ya kufumia kiliingia chini ya jicho la kushoto. Jicho lilibaki mahali pake, lakini tangu siku ile lilijua mwanga na kivuli tu. Pinde zilizokuwa zimebaki ukutani mama yao alizitia motoni mwenyewe, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Sasa Fundi alimtazama dada yake na kuliona lile ambalo Chiriku hakuwa ameliona. Mtu anayevuta kwa vidole, mambo yakiharibika, anaweza kuachia na kurusha kichwa nyuma. Anayevuta kwa meno amekifunga kichwa chake kwenye upote.

"Hapana," akasema.

Alisema hapana Jumatatu, akaisema Jumanne, na kufikia Ijumaa hapana yake ilikuwa imechakaa kama kandambili ya msalani. Jumamosi Chiriku alikuja na ubao ambao wenzake wa zamani ghalani walimchagulia, mwekundu, mzito, umenyooka.

"Kilabu kina kundi la pinde za mti," akasema. "Mti, ngozi, kamba, gundi ya wanyama, basi. Chuma hakiruhusiwi, plastiki hairuhusiwi. Mashindano ni baada ya miezi miwili. Kaka, ukinikatalia nitamwendea fundi mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na hofu kama yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyomshinda. Fundi asiye na hofu alimtisha kuliko upinde wenyewe.

Wa kwanza aliuchonga mfupi. Sababu ilikuwa wazi: Chiriku angepiga akiwa ameketi, na upinde mrefu ungegonga goti au ukingo wa kigoda. Akaufanya wa kiasi cha mita moja na robo, ncha zake akazipinda kwa mvuke zitazame mbele. Ulikuwa mzuri wa kutazama. Akaubana kwenye jiliwa, akatundika mizani ya ndoano kwenye upote, akavuta polepole akisoma. Sentimita arobaini, kilo saba. Hamsini, kilo tisa. Hamsini na tano, kumi na moja. Sitini, kumi na saba.

Aliiona hiyo kumi na saba. Akasema moyoni ataipunguza kesho kwa kukwangua kidogo, akatoka kwenda kununua msasa.

Aliporudi alisikia kelele za mama yake kabla hajafungua geti. Upinde ulikuwa sakafuni. Chiriku alikuwa ameinama juu ya kigoda, leso mdomoni, na leso ilikuwa nyekundu.

"Jino halijang'oka," akasema kupitia leso. "Limelegea tu."

"Nani alikwambia uuguse?"

"Nilitaka kujua. Nimeng'ata kwa meno ya mbele, kosa langu, ningeng'ata kwa magego. Lakini kaka, nisikilize. Unakuja vizuri, unakuja vizuri, halafu mwishoni ni kama mtu amekufungia mlango usoni. Shingo yote imeshtuka."

Mama yao alikuwa amesimama katikati ya karakana na beseni la maji. Maji yalikuwa yanamwagikia miguuni.

"Nilizaa watoto wawili wazima," akasema. "Huyu amebaki na jicho moja. Huyu amebaki na mkono mmoja. Sasa mnataka kunibakizia nini?"

Daktari wa meno alisema jino litashika tena likiachwa kwa mwezi, ila asiume kitu kwa mbele. Magego yalikuwa imara. Chiriku akayachukulia maneno hayo kuwa ruhusa.

Fundi alikaa siku tatu bila kugusa chombo. Akiwaza upinde, kiganja kilimtoka jasho. Akiwaza kukataa, alimwona dada yake kwa fundi mwingine, ameng'ata upinde uliochongwa na mtu asiyejua. Siku ya nne alichukua kipande cha mkaa, akachora ukutani.

Akachora ule mfupi kwanza. Ukiuvuta, ncha zake hukunjika haraka mno, upote unakuwa kama unavuta ncha kwa urefu badala ya kuzipinda, na hapo ndipo mlango unapofungwa. Pembeni akachora mrefu, wa mita moja na sentimita themanini, wenye mabawa mapana na bapa juu na chini ya mshikio. Huo haupindi sana mahali popote. Kila sehemu inajitolea kidogo, na uzito unaongezeka sawasawa mpaka mwisho. Huo ndio wa kulainika mdomoni. Lakini bawa lake la chini lilipita kigoda, likaingia ardhini.

Akachora wa tatu. Mrefu vilevile, ila mshikio ameushusha chini ya katikati, bawa la juu likawa refu na la chini fupi. Akautazama huo mpaka chai ikapoa. Ulikuwa jibu, na ulimtisha kuliko yote. Bawa fupi lingebeba kazi ileile kwa urefu mdogo. Lingehitaji kuwa pana zaidi, na mabawa yote mawili yafike pamoja bila moja kulikimbia jingine. Akikosea chini, utapasukia mapajani mwa dada yake. Akikosea juu, utapasukia usoni.

"Ni huo," Chiriku akasema nyuma yake.

"Sijasema kitu."

"Unapoogopa sana huwa umepata."

Upinde wa pili, wa ubao mwingine kutoka ghalani, ulimchukua wiki tatu. Aliukwangua kwa kipande cha kioo, akiuvuta kidogo, akitazama mpindo, akikwangua tena. Mgongo wa upinde, ule upande unaomtazama adui kama wazee walivyosema, aliupiga randa mpaka ukawa laini kama kikombe. Alitaka usibaki na kovu hata moja. Kisha mizani: arobaini, kilo saba. Arobaini na tano, nane. Hamsini, tisa. Hamsini na tano, kumi. Sitini, kumi na moja. Hakuna mlango. Kwa nusu siku nzima Fundi alikuwa mtu mwenye furaha.

Jioni, akiuvuta kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga karakana, alisikia. Tik.

Alibaki ameushika. Akaulegeza taratibu, akauvua upote, akachukua pamba na kuipitisha juu ya mgongo wa upinde kutoka ncha hadi ncha, kwa sababu pamba hunasa hata kwenye ufa ambao jicho halioni. Pamba ilipita bila kunasa. Akarudia. Haikunasa.

Labda ni upote, akajiambia. Kisha akagundua ameyasema maneno yaleyale ya miaka mitano iliyopita, neno kwa neno, na ikambidi akae chini.

Hakumwambia mtu. Kesho yake aliufunga upinde kwenye nguzo ya katikati, akapitisha kamba kwenye kapi, kamba akaitoa nje kupitia tundu la mlango. Akaufunga mlango. Akasimama kiwanjani, akawa anavuta na kulegeza, akihesabu kwa midomo bila sauti.

"Unavua samaki?" Chiriku alikuwa amefika kwa gongo lake la kwapani, kwa mwendo wake wa kuchechemea.

"Nauzoesha."

"Kwa nini umejificha nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku?"

"Vumbi," Fundi akasema, na uongo huo ulimkaukia mdomoni.

Chiriku akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kusimulia habari za jirani. Fundi aliendelea. Tisini. Mia. Mia na ishirini. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi. Alikuwa amefika mia na arobaini na tatu na dada yake yuko katikati ya sentensi, ndipo chumba kikalia kama kimepigwa risasi.

Kamba ililegea mkononi mwake. Walipofungua mlango, vumbi lilikuwa bado linaelea. Bawa la chini lilikuwa bado limening'inia kwenye nguzo. La juu lilikuwa limekatika mara tatu, na kipande kimoja, kirefu kama kiganja na vidole vyake, kilikuwa kimechoma ubao wa mlango kutoka ndani, kwenye kimo cha uso wa mtu aliyeketi juu ya kigoda kirefu.

Chiriku alikisogelea. Akakigusa kwa kidole. Hakikutikisika.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilisikia sauti jana. Moja tu. Sikuwa na hakika."

"Ungeniambia lini?"

Chiriku akageuka, akarudi ndani ya nyumba bila neno. Hakusema wakati wa chakula, wala alipooga, wala mama yake alipomuuliza kama anaumwa. Siku nzima nyumba ile ilikuwa kimya namna isiyojulikana. Mama alimjia Fundi karakanani akiwa amejikunyata ndani ya khanga.

"Mlipuko niliusikia, sikuogopa sana," akanong'ona. "Lakini mtoto huyu kunyamaza... Nenda kaseme naye. Mwambie basi. Mwambie yaishe."

Alienda. Alimkuta amekaa kitandani, vipande vyote vya upinde vimepangwa mbele yake juu ya shuka kama mifupa.

"Nimeogopa," Chiriku akasema kabla hajaulizwa. "Mpaka jana nilidhani wewe ndiye unaogopa kwa niaba yetu wote. Leo nimeuona uso wangu kwenye ule mlango." Akageukia dirisha. "Lakini njoo uone hapa."

Alikuwa ameinua kipande cha bawa la juu dirishani. Miaka tisa ya kupokea mbao haikuwa imempita bure. Akamwonyesha kwa ukucha: pete za mti, zile zinazoongezeka mwaka hadi mwaka, zilikuwa zinakimbia kwa urefu wa mgongo, kisha katikati zikakatwa mshazari na randa, moja, mbili, tatu, kama ngazi. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye ngazi ya pili.

"Mti huu ulikuwa na mabonde," akasema. "Wewe uliogopa mabonde, ukausawazisha. Ukazikata nyuzi zake. Mchoro wako hauna kosa, kaka. Kosa ni la randa."

Fundi alikishika kile kipande muda mrefu. Hofu yake ndiyo iliyokuwa imeupasua upinde. Hilo lilimuuma kuliko kama mchoro ungekuwa mbaya.

"Wa tatu tutachonga wote," Chiriku akasema. "Na kila sauti utakayoisikia, nami niisikie. Ukinificha tena, undugu hatuna."

Mashindano yaliwapita wakiwa wanangoja ubao mwingine ukauke. Hakuna aliyeyataja. Safari hii Chiriku alichagua pete moja nene na kuifuata kwa penseli kutoka ncha hadi ncha, kila bonde na kila kilima, na Fundi akakwangua juu yake kwa kipande cha kioo, randa ikiwa imefungiwa kabatini. Juu ya mgongo wakabandika ngozi mbichi kwa gundi, ili hata kikipasuka kitu vibanzi vishikwe. Wakauvuta kwa kamba kupitia mlangoni mara mia tatu, wakihesabu kwa sauti kubwa, kaka moja, dada mbili, mpaka mama akawaomba wahesabu kimoyomoyo kwa sababu ya majirani.

Haukulia.

Bado Fundi hakumkabidhi. "Kwanza mimi," akasema. Aliketi juu ya kigoda cha dada yake, akaking'ata kile kipande cha ngozi kwa magego, akanyoosha mkono wa kushoto. Alipousukuma upinde, jicho lake zima lilikuwa linaona mti ukijikunja kiasi cha shubiri chache kutoka puani. Alitamani kufumba macho lakini aliogopa kufumba. Upinde ulikuja. Hapakuwa na mlango mwishoni. Ulikuja tu, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Akaurudisha taratibu. Alipoitoa ngozi mdomoni alikuwa amelowa jasho mgongo mzima.

"Sasa nipe," Chiriku akasema.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kilabuni. Ilikuwa siku ya kawaida ya mazoezi, watu saba, shabaha tano za majani yaliyoshindiliwa. Katibu wa kilabu, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, aliupima upinde, akaugeuza, akauliza nani kamwambia fundi aweke mshikio huko chini.

"Kigoda," Chiriku akajibu.

Mshale wa kwanza uliingia kwenye nyasi, mbali na shabaha. Wa pili ukagusa ukingo. Wa tatu na wa nne vilevile. Fundi alisimama hatua tatu pembeni, akisikiliza tu. Watu walicheka, filimbi ililia, gari lilipita barabarani, naye alikuwa anachuja kila kitu akitafuta sauti moja.

Mshale wa tano, dada yake akiwa ameuvuta hadi mwisho, akaisikia.

Tik.

"Usiachie!" Fundi alipiga kelele. "Rudisha! Rudisha polepole!"

Chiriku naye alikuwa ameisikia. Macho yake yalipanuka. Hakuweza kusema, mdomo ulikuwa umejaa. Kuachia mshale ghafla ni kuupa upinde wenye ufa kishindo chote kwa mara moja. Kuurudisha polepole ni kubaki nao usoni, ukiusubiri upasuke. Katibu aliganda na filimbi mdomoni. Fundi aliuona mkono wa dada yake ukianza kukunjika, kidogo, kidogo, ncha za upinde zikifunguka, shingo yake imekaza lakini haijashtuka. Upinde ule wa kwanza ungemponyoka. Huu ulishuka taratibu kama ulivyopanda. Ilichukua labda sekunde sita.

Upote ulipolegea alimnyang'anya upinde, akapiga magoti kwenye majani, akatoa pamba mfukoni. Akaipitisha juu, chini, mbavuni. Akapapasa ngozi. Akakunja bawa moja moja sikioni. Hakuna kitu.

"Kaka," Chiriku akasema.

"Ngoja."

"Kaka, sikiliza." Akafungua mdomo wazi, akaufunga. Tik. Akafungua tena. Tik. "Ni taya langu."

Katibu alianza kucheka, akaacha alipoutazama uso wa Fundi. Fundi aliinuka, akatembea hadi kwenye ua wa kilabu, akaushika kwa mikono miwili na kutapika. Aliporudi, Chiriku alikuwa anampa katibu historia nzima ya jino lake la mbele, na upinde ulikuwa umelala mapajani mwake.

"Basi leo," Fundi akasema.

"Nimebakiza mishale mitano." Alimtazama kaka yake vizuri. "Na mimi natetemeka. Lakini nikiondoka sasa sitarudi. Simama upande huu, nikuone."

Akasimama upande huo. Chiriku alipiga mitano yote. Mmoja uliingia kwenye duara la pili kutoka katikati, na watu saba wakapiga makofi kama sabini.

Mwaka uliofuata alishindana, akashika nafasi ya sita kati ya kumi na mmoja, wa kwanza kwa kelele. Fundi aliutazama upinde tangu mshale wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuona hata mmoja ulikoangukia. Mama yao naye alikuja. Alikalia kiti cha mbele kabisa akiwa ameupa uwanja mgongo, na kila mshale ulipolia alimgusa aliyekaa karibu naye akamuuliza, "Amemaliza?"